Kutoka "Pentium Ngapi?" Hadi "i Ngapi?": Historia Fupi ya Prosesa Meru na Embu

Ukiingia duka la kompyuta pale Makutano mjini Meru, ama yale ya mjini Embu, swali la kwanza kutoka kwa mnunuzi ni moja tu: "Boss, hii ni i ngapi?" Akiambiwa i7, uso unang'aa. Akiambiwa i5, anaanza kuomba apunguziwe. Akiambiwa i3, anairudisha mezani polepole kama mtu aliyeshika kitu cha mwenyewe.

Walionunua kompyuta miaka ishirini iliyopita walikuwa na swali lao pia: "Ni Pentium ngapi?" Pentium 3 ilikuwa ya kawaida, Pentium 4 ilikuwa ya wakubwa. Kabla ya hapo watu waliuliza megahezi.

Leo wasomaji wangu nataka tupige historia kidogo, kwa sababu nimeona jambo moja linalojirudia. Katika kila kipindi, ile namba tuliyoipenda huku kwetu ilikuwa imeshaanza kudanganya kabla haijatufikia. Na anayelipia udanganyifu huo ni kijana anayehariri video za harusi Nkubu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu anayejifunza Blender, ama yule anayetaka tu kucheza gemu jioni baada ya kazi. Akiba ya miezi mingi inakwenda kwenye stika.

Haya, tuanze.

PROSESA HUFIKAJE HUKU MLIMANI?

Prosesa ni ule ubongo wa kompyuta, kile kipande kinachofuata maagizo ya programu moja baada ya jingine. Intel walitoa ya kwanza kuuzwa, ile 4004, mwaka 1971. Ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni.

Nyingi tunazonunua Meru na Embu zilinunuliwa kwanza na mtu mwingine. Kampuni ya Ulaya au Marekani inanunua laptopu 500 za wafanyakazi, inazitumia miaka mitatu hadi mitano, halafu inaziuza kwa jumla. Zinasafishwa, zinapakiwa, zinafika Kenya zikiitwa "ex-UK". Kutoka bandarini zinaingia Nairobi, kwenye maduka ya Moi Avenue na Luthuli. Kutoka hapo zinapanda matatu kupitia Thika na Mwea hadi Embu, halafu Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu, mpaka Meru mjini. Shule nazo zilianza kupata mashine zilizotumika kupitia miradi kama Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002.

Tafadhali shika mambo mawili hapo. La kwanza, kuna miaka kati ya siku prosesa inatoka na siku inafika mezani Embu. La pili, aliyeichagua hakuwa anakufikiria wewe. Alikuwa afisa wa ununuzi wa kampuni ya bima huko Uingereza, na alitaka mashine ya kuandika barua na kujaza hesabu, isiyokula betri. Hakuwaza San Andreas wala video ya harusi.

ENZI YA MEGAHEZI

Megahezi ni mipigo milioni kwa sekunde. Pentium za kwanza, mwaka 1993, zilikuwa na megahezi 60 na 66. Kwa miaka kadhaa kuhesabu megahezi kulikuwa na maana, kwa sababu prosesa nyingi madukani zilifanana kimuundo. Yenye 200 ilikuwa kweli bora kuliko yenye 133.

Lakini mwaka 1996 gemu moja iliwaumbua watu. Kampuni ya Cyrix ilikuwa ikiuza prosesa iitwayo 6x86 P166+. Mwendo wake halisi ulikuwa megahezi 133, ila jina lilidai inafanya kazi kama Pentium ya 166. Katika kazi za ofisi dai hilo halikuwa uongo. Halafu ikatoka Quake, gemu iliyotegemea sana hesabu za desimali kuchora vyumba vyake. Sehemu ya Cyrix iliyofanya hesabu hizo ilikuwa dhaifu, na ile "166" ikaachwa nyuma na Pentium za kawaida. Prosesa ilikuwa ileile, kazi ndiyo iliyobadilika. Huu ni mfano wa mapema wa jambo ambalo mpaka leo wauzaji hawalisemi: hakuna prosesa "nzuri" tu, kuna nzuri kwa kazi fulani.

Mwaka 1998 likaja somo la pili. Intel walitoa Celeron za bei nafuu, na ili kupunguza gharama wakaondoa kashe ya daraja la pili. Kashe ni kumbukumbu ndogo iliyo karibu kabisa na prosesa. Fikiria mama muuza nguo pale soko la Gakoromone. Nguo zilizo mezani anakupa papo hapo, zilizo stoo nyuma ya soko lazima atume mtu. Celeron ya kwanza ilikuwa muuzaji asiye na meza: mikono myepesi, lakini kila kitu kiko stoo. Ilisemwa vibaya sana, na katika mwaka huohuo Intel wakatoa Celeron 300A yenye kashe ya kilobaiti 128. Tofauti ikawa kubwa mno. Ikumbuke hii hadithi ya kashe, itarudi.

Halafu Pentium 4. AMD walifika gigahezi 1, yaani megahezi 1,000, tarehe 6 Machi 2000, na Intel wakafuata siku mbili baadaye. Mashindano yalikuwa yamewapanda watu kichwani. Novemba mwaka huohuo Intel wakatoa Pentium 4 ikianzia gigahezi 1.4, iliyobuniwa ili namba ya mwendo iwe kubwa.

Walifanyaje? Waliikata kazi katika hatua nyingi ndogo. Sisi watu wa kahawa tunalielewa hili: kiwandani buni linamenywa, linachachushwa, linaoshwa, linakaushwa. Ukigawa kazi hiyo katika hatua fupi fupi, kila hatua inakwenda haraka. Lakini siku ukigundua kwamba kahawa uliyoingiza siyo, unamwaga yote iliyo njiani na kuanza upya, na kadiri mstari ulivyo mrefu ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Prosesa hubashiri agizo linalofuata, na ikibashiri vibaya humwaga. Pentium 3 ilikuwa na hatua 10 hivi. Pentium 4 ya kwanza ilikuwa na 20. Ile ya mwaka 2004, Prescott, ilikuwa na 31.

Ndiyo maana AMD waliacha kuandika mwendo kwenye jina. Athlon XP 1800+ ya mwaka 2001 ilikuwa na gigahezi 1.53 tu, na ilishindana vizuri na Pentium 4 zenye namba kubwa zaidi.

Mwisho wa mbio hizo ulikuwa joto. Prescott zenye mwendo wa juu zilihitaji wati 115. Intel walikuwa wameahidi gigahezi 4, wakashindwa, na Oktoba 2004 mkuu wao Craig Barrett akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja, kwa mzaha, akiomba msamaha. Mzaha ndiyo, lakini enzi ya megahezi ilizikwa siku zile.

Ilizikwa Marekani. Huku kwetu "P4" ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuwa jina la sifa!

SAIBA, STIMA NA P4

Katikati ya miaka ya 2000 saiba zilikuwa zikichipuka kila mji: Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Maua. "P4" ilikuwa tangazo la kuandikwa ukutani. Lakini Julai 2006 Intel walikuwa wametoa Core 2 Duo. Moja yake, E6300, ilikuwa na gigahezi 1.86 tu, na iliziacha nyuma Pentium zenye zaidi ya 3. Ilikuwa na viini viwili, yaani prosesa mbili ndani ya kipande kimoja, na kila kiini kilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo. Wati zake zilikuwa 65.

Fanya hesabu ya mwenye saiba ya mashine 10. Prescott 10 zikifanya kazi kwa nguvu zote ni wati 1,150, prosesa peke yake. Core 2 Duo 10 ni wati 650. Hiyo ni nusu kilowati ya tofauti kila saa, kabla hujahesabu zile skrini nzito za kioo. Umeme wenyewe unatoka jirani. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yako mto Tana, pale Embu inapopakana na Machakos na Kitui. Kukaa karibu na bwawa hakukupunguzii bili. Na ukame wa 1999 na 2000 ulipoleta mgao wa umeme nchini, hata sisi majirani wa mitambo tulikaa gizani.

Kwa hiyo mtu aliyekataa Core 2 Duo ya "1.86" akachukua P4 ya "3.0" alipata mashine ya polepole, yenye joto zaidi, na inayokula stima zaidi.

GEMU ZILICHEZWA WAPI HASA?

Kuna jambo watu husahau. Gemu za enzi ile hazikuchezwa sana kwenye kompyuta. Zilichezwa kwenye PlayStation, katika vile vyumba vyenye televisheni tatu nne na kelele za wanafunzi waliotoroka prepu.

Angalia namba. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, mwezi uleule wa gigahezi 1. Prosesa yake ilikuwa na mwendo wa megahezi 295 hivi, chini ya theluthi moja. Mbona ilicheza San Andreas na kompyuta ya saiba ikashindwa?

Kwa sababu ilitengenezwa kwa kazi moja. Pembeni ya prosesa yake kulikuwa na vitengo maalumu vya hesabu za maumbo, pamoja na chipu ya michoro inayojitegemea. San Andreas ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2005, ilihitaji angalau Pentium 3 ya gigahezi 1, kumbukumbu ya megabaiti 256, na kadi ya michoro ya megabaiti 64. Saiba nyingi zilikuwa na P4, kwa hiyo prosesa ilitosha na kubaki. Kilichokosekana ni kadi, kwa sababu yule afisa wa bima hakuwa na haja nayo. Watoto walilaumu prosesa, na prosesa haikuwa na hatia.

Hilo lilikuwa somo kubwa kuliko yote kwa wacheza gemu, na lilikuwa wazi kabisa mbele ya macho ya kila aliyewahi kulipia dakika zake kwenye chumba cha PlayStation.

HARUSI, VCD NA VIINI VINGI

Upande wa kazi za ubunifu hali ilikuwa tofauti. Meru na Embu zina soko kubwa la video: harusi, ruracio, mazishi, nyimbo za injili za Kimeru na Kiembu zilizouzwa kwa VCD halafu DVD.

Mkanda wa dijitali wa saa moja, ule wa DV, ulichukua kama gigabaiti 13 za diski. Kuuhariri hakukuwa shida sana. Shida ilikuwa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Prosesa ilipaswa kupitia kila picha, 25 kwa kila sekunde ya video, na kuibana upya. Saa moja ya harusi ni picha 90,000. Kwenye prosesa ya kiini kimoja unaacha mashine usiku kucha na kuomba stima isipotee. Hata ukiwa na miraa ya Maua au muguka wa Embu, usiku wa kurenda ulikuwa mrefu.

Kurenda ni kazi inayogawanyika. Kiini hiki kinachukua kipande hiki, kile kinachukua kile, kama watu wanaochuma majani chai kwenye mistari tofauti. Kwa hiyo viini vilipoongezeka, mhariri wa video alinufaika moja kwa moja. Gemu za wakati huo nyingi zilitegemea kiini kimoja au viwili, na vilivyobaki vilikaa tu. Hapo ndipo njia za mhariri na mcheza gemu zilipoachana.

Mwaka 2011 Intel waliongeza kitu kingine. Prosesa za kizazi cha pili cha Core ziliwekewa sehemu maalumu ya kubana na kufungua video, Quick Sync. Ni wazo lilelile la PlayStation: badala ya kuongeza nguvu za jumla, tengeneza sehemu inayojua kazi moja. Programu ikiitumia, kazi ya usiku inaweza kuwa kazi ya kusubiri chai.

HIZI "i" ZILITOKA WAPI?

Core i7 ya kwanza ilitoka Novemba 2008. i5 ikafuata 2009, i3 ikafuata 2010. Kwa kompyuta za mezani mpango ulieleweka: i3 viini viwili, i5 vinne kwa kawaida, i7 vinne vyenye uwezo wa kushika kazi mbili mbili kwa wakati mmoja. Namba kubwa, viini zaidi.

Wakati uleule vyuo vilikuwa vinafunguka huku kwetu. KeMU ilikuwa imepata hati yake mwaka 2006. Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata chake 2013, Chuka vilevile 2013, Embu 2016. Mwaka 2010 Bodi ya TEHAMA ya Kenya ilianzisha mpango wa Wezesha, uliowapa wanafunzi wa vyuo vikuu punguzo la kununua laptopu. Kompyuta ikatoka saiba ikaingia kwenye mkoba wa mwanafunzi, na laptopu ikawa ndiyo bidhaa. Hapo mtego ukawekwa.

Kwenye laptopu nyembamba za ofisi, i7 haikumaanisha viini vinne. Tazama herufi ya mwisho ya jina. "U" ni prosesa ya wati 15 hivi, iliyofanywa itunze betri. Kwa miaka mingi i5 za U na i7 za U zote zilikuwa na viini viwili. i5-7200U, viwili. i7-7500U, viwili. Tofauti yao ilikuwa mwendo kidogo na kashe ya megabaiti 3 dhidi ya 4. Stika ya i7 ilikuwa inang'aa tu.

KISA CHA 2016 NA 2017

Mwaka 2017 AMD waliokuwa wamelala waliamka. Machi wakatoa Ryzen 7 1800X yenye viini 8 kwa dola 499, wakati Intel ya viini 8 ilikuwa ikiuzwa zaidi ya dola 1,000. Intel walishtuka. Kizazi chao cha nane, mwaka huohuo, kiliongeza viini karibu kila mahali.

Sasa weka hizi mbili mezani, kwa sababu ndizo zilizo madukani Meru na Embu mpaka leo:

i7-7500U, Agosti 2016. Viini 2. Mwendo wa kawaida gigahezi 2.7. Kashe megabaiti 4.

i5-8250U, Agosti 2017. Viini 4. Mwendo wa kawaida gigahezi 1.6. Kashe megabaiti 6.

Muulize mtu yeyote steji achague. i7 dhidi ya i5! 2.7 dhidi ya 1.6! Atachukua ya kwanza na atailipia zaidi. Lakini kwa kurenda video, kuchora kwa Blender, ama hata kwetu sisi tunaoandika programu na kusubiri zijengwe, ile i5 inaipita i7 kwa mbali. Hiyo 1.6 ni mwendo wa chini uliohakikishwa tu. Ikipata kazi hupanda hadi 3.4.

Huo ni udanganyifu wa megahezi na udanganyifu wa jina ndani ya stika moja. Cyrix na Pentium 4 wamerudi kwa pamoja.

KWA NINI NASEMA HAYA SASA?

Kwa sababu meza zimejaa. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Ofisi za Ulaya zenye mashine za kizazi cha sita na cha saba zilikuwa na sababu nzuri ya kuziondoa. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, G4 ya saba, G5 inaanza nane. Hakuna ajabu kwamba G3 na G4 zinapatikana kwa wingi, na kwamba zenye i7 zinasifiwa sana.

Mashine hizo si mbaya. Ukiweka Linux zitakutumikia miaka. Lakini zinunue kwa bei ya viini viwili, siyo kwa bei ya herufi.

Na mitego mipya iko njiani. Ryzen 5 7520U, ya mwaka 2022, jina lake linaonekana la kisasa, lakini ile namba ya tatu, 2, inakwambia muundo wake ni Zen 2 wa mwaka 2019. i5-1235U ina viini 10, lakini vikubwa ni 2 na vidogo ni 8, kwa hiyo "10" yake si sawa na 10 unayofikiria. Core i9 za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilipatikana na tatizo la volti lililoziharibu polepole. Intel walitoa marekebisho mwaka 2024 na kuongeza udhamini wa miaka miwili, lakini udhamini haupandi matatu hadi Meru. Hizo zitakapoanza kufika zikiwa zimetumika, kumbuka nimekwambia.

BASI TUCHAGUE VIPI?

Historia yote hiyo inanipa ushauri huu.

Kama unahariri video: viini vinne halisi ndio mwanzo, sita ni bora. Simu za siku hizi hurekodi video za H.265. Kizazi cha saba cha Intel kwenda juu kina sehemu ya ndani ya kuzifungua vizuri. Weka kumbukumbu ya gigabaiti 16. Laptopu yenye herufi "H" mwishoni ni ya wati 45 na itafanya kazi ndefu bila kuchoka, lakini betri itaisha upesi.

Kama ni picha na michoro, mabango, kadi za harusi: kazi nyingi za Photoshop hutegemea nguvu za kiini kimoja. i5 ya kizazi cha nane au zaidi inatosha kabisa. Hela iliyobaki nunua skrini yenye rangi nzuri.

Kama ni gemu: anza na kadi ya michoro, halafu prosesa. Ile i5-8250U iliyoshinda kurenda, kwenye gemu haimwachi mbali sana mwenzake, kwa sababu michoro yao ya ndani inafanana. Kompyuta ya mezani ya ofisi yenye i5-8500, viini 6, ukaiwekea kadi kama GTX 1650 isiyozidi wati 75, itakupa raha kuliko laptopu nyembamba ya i7. Hakikisha tu kadi inaingia kwenye kasha, maana nyingine ni fupi.

Na ukifika uwezo wa kununua prosesa ya gemu mpya, kumbuka Celeron ya 1998. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D. Mwendo wake ni mdogo kuliko 5800X ya kawaida, lakini waliiongezea kashe hadi ikafika megabaiti 96, na katika gemu nyingi ikampita ndugu yake huyo. Katika kurenda ndugu yake yuko mbele kidogo. Ni meza ya Gakoromone tena, baada ya miaka 24.

Dukani, kabla ya kutoa pesa, omba mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, bonyeza CPU. Soma jina lote, siyo herufi ya kwanza tu: namba ya kizazi na herufi ya mwisho. Halafu tazama palipoandikwa Cores. Ni dakika moja, na muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, Makutano ina maduka mengine.

Wiki ijayo nikijaliwa nitaandika kuhusu kadi za michoro zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali na jinsi ya kuzitambua. Mpaka hapo, salamu kwa wote wanaorenda usiku huu.